Mashini Moja au Mbili: Hesabu ya Eastlands na Hesabu ya Bahari

Kwa wiki kadhaa sasa chama chetu cha watu wa Pate na Lamu tunaoishi Buruburu, Umoja, Eastleigh na Pumwani kimegawanyika pande mbili. Jambo lenyewe mpita njia wa Jogoo Road angeliona dogo: boti yetu ya mashini mbili za 40 ibaki ilivyo, au tuziuze zote mbili tufunge moja ya 75? Najua hatuko peke yetu. Watu wa kwetu walioko bara, waliotia pesa zao kwenye chombo kinachotembea Faza, Kizingitini na Mokowe, wanajiuliza swali hili hili kila petroli inapopanda.

Na petroli ndiyo iliyoanzisha maneno. Julai 2023 serikali iliongeza kodi ya VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Kufikia Oktoba mwaka huo lita moja ya petroli Nairobi ilikuwa shilingi 217.36. Bei ilishuka baadaye, lakini Julai 2024 ada ya matengenezo ya barabara ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita. Hapo ndipo mtu wa visiwani anapoumia mara mbili. Petroli ya boti hununuliwa kituoni kama ya matatu, na ada hiyo imo ndani ya bei. Boti inayotumia lita 60 kwa safari inachangia barabara shilingi 1,500, na barabara yake ni maji ya Mkanda. Ongeza gharama ya kuvusha madumu mpaka kisiwani, utaelewa kwa nini wenzetu wanataka kupunguza mashini.

Kuna na masafa. Uchimbaji wa bandari ya Lamu uliharibu sehemu za karibu walizozoea kuvua wazee wetu. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2018 kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Anayekwenda mbali zaidi kufuata samaki anachoma mafuta zaidi, na boti kama yetu, inayobeba abiria leo na samaki kesho, inaifuata safari hiyo.

Upande wa mashini moja una hoja nzito. Mashini moja ina plagi chache, propela moja, gia moja na fundi mmoja wa kulipwa. Boti inakuwa nyepesi nyuma, na majini kinaburutwa kitu kimoja badala ya viwili. Mashini mbili pia zina nafasi mara mbili ya kuharibika kitu.

Lakini hesabu ya mafuta inayozunguka kwenye kundi letu la WhatsApp haijakaa sawa. Boti ile ile, na mzigo ule ule, ikitakiwa kwenda kwa mwendo ule ule, inahitaji nguvu karibu ile ile, iwe zinatoka mashini moja au mbili. Kupunguza idadi peke yake kutaokoa kiasi, si nusu kama wanavyodhani baadhi yetu. Akiba kubwa iko kwenye aina ya mashini. Zile za kizamani, ambazo petroli huchanganywa na oili, hutoa sehemu ya petroli pamoja na moshi kabla haijaungua. Za kisasa zisizotaka mchanganyiko hunywa kidogo zaidi kwa kazi ile ile. Tuchukue mfano wa kuokoa lita 15 kwa safari, kwa shilingi 180 lita: ni shilingi 2,700, na kwa safari 20 za mwezi ni 54,000. Hiyo ni pesa. Lakini tukiuza mbili za kizamani tukanunua moja ya kizamani, tusiitarajie.

Sasa upande wa mashini mbili. Matatu ya 58 ikizima Jogoo Road, makanga anarudisha nauli, abiria wanashuka wakapanda nyingine. Boti ikizima nje ya miamba wakati wa kusi haina pa kuegesha. Upepo na mkondo vinaichukua, na dakika kumi zinatosha kuifikisha mwambani. Wazee walisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Boti yenye mashini moja nzima kati ya mbili haitainuka juu ya maji ikiwa na mzigo, itakwenda polepole na kulowesha watu, lakini itakuwa na usukani na itafika. Hata mashirika ya ndege, yaliyopunguza injini kutoka nne hadi mbili kwenye ndege kubwa zinazovuka bahari, hayajafika kwenye moja.

Hata hivyo, mashini mbili zinaweza kuwa moja bila mwenyewe kujua. Zikinywa kutoka tangi moja, na petroli ya dumu ikawa imeingia maji, zitazima zote mbili pamoja. Zikitegemea betri moja, ni vivyo hivyo. Zikifungwa siku moja, zikahudumiwa na fundi mmoja kwa vipuri vya aina moja, zitazeeka pamoja. Usalama wa mashini mbili unapatikana pale kila moja ina tangi lake, mpira wake na chujio lake la kutenga maji. Yetu, kwa taarifa tulizopewa na nahodha, zina tangi moja. Kwa hiyo leo tunalipia mashini mbili na kupata usalama wa moja na nusu.

Na kugeuza si kufungua skrubu tu. Ubao wa tezi umeimarishwa pale mashini mbili zilipokaa. Katikati, ambapo ile moja itakaa na kusukuma kwa nguvu zote, lazima uongezewe mbao au faiba, na matundu ya zamani yazibwe yasiingize maji. Mashini ya katikati inakaa chini zaidi. Mkanda wakati wa bamvua, maji yakipwa, propela iliyozama zaidi hukutana na mchanga mapema. Na wakati wa kufunga gatini nahodha anapoteza ule ufundi wa kuipeleka mashini moja mbele na nyingine nyuma ili boti igeuke papo hapo.

Maoni yangu ni kwamba swali letu lina majibu mawili, na njia ya boti ndiyo inayochagua. Boti inayokaa Lamu, Shela, Matondoni na Mokowe, ambako vyombo vinapishana mchana kutwa na nchi kavu iko karibu, mashini moja nzuri inatosha. Boti inayotoka bahari kuu kuelekea Kiunga, au inayobeba abiria wakati wa kusi, isishushwe mpaka moja tupu. Kwa hiyo yetu ninapendekeza njia ya kati: mashini moja ya kisasa katikati, na pembeni mashini ndogo ya 15 ya akiba, yenye tangi lake, inayowashwa kila wiki ili isigande. Nanga yenye amari ndefu, makasia na maboya ya kuvaa viwe ndani hata kama safari ni fupi. Pesa zisipotosha mwaka huu, basi tubaki na mbili na tununue tangi la pili kwanza. Hilo ni bei ndogo kuliko yote tunayobishania.

Nahodha wengi, chombo huenda mrama, na sisi tuko zaidi ya thelathini, wengi hatujaona kusi kwa miaka. Tunaochanga tuna haki ya kusema kiasi tunachoweza kutoa. Lakini atakayekuwa usukanini mawimbi yakipanda ni ami yetu kule Faza, na roho za abiria ziko mkononi mwake. Yeye asipokubali, mashini ya pili isiondolewe, hata tukipiga kura mara tatu.

Na wabunge wetu wana kazi yao. Mamlaka ya Safari za Majini inatukagua vyombo, na ni haki. Basi na Bunge litazame ada ya barabara inayokatwa kwenye petroli isiyogusa barabara. Mvuvi na mwenye boti ya abiria aliyesajiliwa arudishiwe zile shilingi 25. Mtu asifike mahali pa kung'oa mashini ya akiba ili apate kulipia lami asiyoipitia.