Kabla ya Kumwita Fundi wa Mashine ya Kufulia

Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya chombo kilichoingia katika nyumba nyingi za mijini, yaani mashine ya kufulia nguo, ile inayofunguliwa kwa juu. Baadhi yetu tunayo ya mapipa mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia. Wengine tunayo ya pipa moja, inayojaza maji, kufua, kusuuza na kukamua yenyewe. Kwa mama mwenye watoto wadogo chombo hiki ni baraka, lakini kilinunuliwa kwa fedha nyingi, pengine kwa mkopo wa kikundi au kwa akiba ya muda mrefu.

Siku mashine inapogoma, mambo mawili hutokea upesi. Kwanza msichana wa kazi hulaumiwa, na mahali pengine hata mshahara wake hukatwa. Kisha fundi huitwa, naye hulipwa. Tunashauri kwamba yote mawili yangoje kidogo. Hitilafu nyingi za mashine hizi ni ndogo, na mama anaweza kuzigundua mwenyewe kwa dakika chache. Tena nyingi hazikuletwa na mtu yeyote. Tukimkata binti wa watu mshahara kwa sababu ya mchanga uliokuja na maji ya bomba, tumemdhulumu, hata kama hatukukusudia.

USALAMA KWANZA

Kabla ya kugusa chochote, zima swichi ya ukutani, chomoa plagi na ufunge koki ya maji. Mikono iwe mikavu, na miguuni vaa kandambili. Mashine ichomekwe kwenye soketi ya ukutani yenye waya wa ethi, si kwenye waya wa kuungia uliolala sakafuni penye maji. Ukiigusa mashine ukasikia umeme unakutetemesha, hata kidogo tu, iache. Zima umeme kwenye swichi kuu ya nyumba na umwite fundi umeme. Hilo si jambo la kujaribu wenyewe.

MAJI HAYAINGII

Huu ndio ugonjwa wa kawaida katika miji yenye mgao wa maji. Maji yanaporudi baada ya siku mbili au tatu, huja na mchanga na kutu. Nyuma ya mashine, pale mpira wa maji unapofungwa, kuna kichujio kidogo cha wavu. Ufungue mpira, uvute wavu huo taratibu kwa koleo, uusugue kwa mswaki wa zamani chini ya maji, kisha uurudishe. Mara nyingi kazi huishia hapo.

Kama wavu ni safi, tazama tangi. Maji ya tangi husukumwa na kimo chake, na kila mita 1 ya kimo hutoa msukumo wa karibu bar 0.1. Kwa hiyo tangi lililo mita 2 tu juu ya mashine hutoa karibu bar 0.2, na mashine nyingi huhitaji zaidi ya hapo. Kitabu cha mashine hutaja kiasi inachotaka. Wakati unapofikiria kuliinua tangi, unaweza kujaza pipa kwa ndoo. Mashine ikishapima kwamba maji yametosha, huanza kufua yenyewe.

Jambo jingine ni hili: mashine ikiwa na matundu mawili ya maji, nawe umeunganisha la maji baridi tu, usichague maji ya moto wala ya vuguvugu. Itangoja maji yasiyokuja.

MAJI HAYATOKI

Tazama mpira wa kutolea maji kama umekunjika au umebanwa na ukuta. Kisha soma kitabu ujue mashine yako ni ya aina gani. Zile zisizo na pampu hutoa maji kwa kushuka tu, hivyo mpira lazima ulale chini. Ukiuinua ukauweka kwenye sinki, maji hayatatoka kamwe. Zile zenye pampu hutaka mdomo wa mpira uinuliwe kwa kimo kilichotajwa kitabuni, la sivyo maji yanaweza kuvuja kwenda nje huku mashine ikiendelea kujaza. Pampu huzibwa na vitu vya mifukoni: sarafu, vifungo, pini za nywele, njiti na karatasi. Kwa hiyo mifuko yote ikaguliwe kabla ya kufua, hasa ya kaptula za shule na suruali za baba.

INATIKISIKA NA KUTEMBEA

Mara nyingi nguo zimelemea upande mmoja. Isimamishe, uzipange upya kulizunguka pipa, kisha uiwashe tena. Usifue blanketi moja zito peke yake, maana likinywa maji huvuta pipa lote. Kama bado inaruka, weka pimamaji ya mwashi juu ya mashine, au ukikosa, bakuli bapa lenye maji. Miguu ya mashine nyingi huzungushwa kwa mkono ili kuinua upande ulioshuka. Sakafu iwe ngumu, na chini ya miguu pasiwe na kapeti wala vipande vya mbao.

INAJAZA LAKINI HAIKAMUI

Mashine ya pipa moja haikamui mfuniko ukiwa wazi. Ipo swichi ndogo inayohisi mfuniko, hivyo hakikisha umefungwa sawasawa na hakuna nguo iliyobanwa ukingoni. Katika mashine ya mapipa mawili, kandamiza kile kifuniko chembamba cha plastiki juu ya nguo kabla ya kukamua. Usitie mkono ndani mpaka pipa lisimame kabisa, kwa kuwa nguo inayozunguka inaweza kuuvuta na kuuvunja mkono wa mtu.

Ukisikia mota inanguruma lakini pipa halizunguki, huenda mkanda umelegea au kapasita imekufa. Hapo ndipo mpaka wetu. Kapasita huweza kutunza umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, kwa hiyo tusifungue. Mwachie fundi.

NGUO ZINATOKA NA HARUFU AU MADOA

Sababu kubwa ni sabuni nyingi. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono hutoa povu jingi, na povu hilo husuuzika kwa shida. Mabaki yake hushika nyuma ya pipa, ukungu huota juu yake, kisha vipande vyeusi hubanduka na kung'ang'ania mashati meupe. Tumia sabuni ya mashine, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Kila mwezi safisha pipa lenyewe. Lijaze maji bila nguo, yawe ya moto kama kitabu kinaruhusu, utie nusu kikombe cha dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ile ambayo wengi huiita jiki. Izungushe dakika chache, iache saa 1, kisha imwage na kusuuza mara mbili. Angalia sana: jiki isichanganywe na siki, wala na dawa nyingine ya usafi. Ikikutana na siki hutoa gesi ya sumu inayochoma mapafu. Mahali penye maji ya chumvi na chokaa, kama Dodoma na visima vingi vya pwani, kichujio cha wavu kikaguliwe mara kwa mara zaidi.

MATUNZO YA KILA SIKU

Tunapendekeza mambo haya yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani karibu na mashine:

1. Kagua mifuko, na usishindilie nguo.
2. Nguo zenye petroli au mafuta ya taa zisiingie kamwe. Mvuke wake huweza kuwaka moto.
3. Ukimaliza, funga koki, chomoa plagi na usafishe kile kifuko kinachonasa nyuzi.
4. Umeme ukikatika, chomoa plagi; mara nyingi hurudi kwa nguvu ya kuunguza.
5. Acha mfuniko wazi ili pipa likauke, lakini chumba kifungwe. Mtoto mdogo huweza kupanda na kutumbukia. Sabuni na jiki ziwekwe juu, asikofika.
6. Tazama mipira ya maji. Iliyovimba au kupasuka ibadilishwe.

Fundi akihitajika, mweleze ulichokwisha kukagua. Mpatane bei kabla hajafungua, na umwombe akuonyeshe kifaa kibovu alichotoa. Fundi mwaminifu hatachukia kuulizwa.

Na yule msichana anayeiwasha mashine kila siku, je, nani alimfundisha? Wengi walionyeshwa vitufe viwili tu, wakaachwa. Mama, keti naye jioni moja. Mfungulie mpira, mwonyeshe wavu, msome pamoja karatasi ya ukutani. Mwambie pia kwamba mashine ikigoma, aje aseme mara moja bila hofu ya kukatwa mshahara. Mtu mwenye hofu huficha hitilafu ndogo mpaka inakuwa kubwa. Mungu ametuweka kuwa mawakili wa mali ya nyumba zetu na vilevile wa watu waliomo ndani yake, na hao watu ndio wa kwanza.

Hadi mwezi ujao, Bwana azilinde nyumba zenu.