Likizo ya Msimu wa Mabibo

Mgonjwa aliyeacha pombe miezi mitatu iliyopita anapokuja kuaga kwamba anakwenda kwao Mtwara kwa likizo, watoa huduma wengi humpa dawa za kutosha, humpangia tarehe ya kurudi na kumtakia safari njema. Mimi naona swali la kwanza liwe hili: unasafiri mwezi gani?

Kati ya Oktoba na Desemba, kuanzia Mtawanya hadi vijiji vya mlango wa Mto Ruvuma, mikorosho huangusha mabibo. Korosho hupelekwa ghalani. Mabibo, yaozayo upesi, hukamuliwa. Maji yake asubuhi ni juisi tamu. Kwa joto la pwani, kesho yake ni uraka. Uraka ukichemshwa na mvuke wake ukapozwa, hupatikana nipa, ambayo kwingine huitwa gongo. Miezi hiyo hiyo fedha za minada huingia, na ngoma hazikosekani. Basi pombe haitafutwi. Huletwa mkekani, bila bei, kwa mkono wa mjomba, na kusini mjomba ni mtu mwenye neno. Ushauri wa "usiende baa" hausaidii mahali pasipo na baa.

Anayetumia disulfiramu aonywe kwa kutajiwa vinywaji vyenyewe. Kikombe cha "juisi" ya jana chaweza kumletea kutapika, uso kuwaka, moyo kwenda mbio na shinikizo la damu kushuka.

Wapo wenzangu wanaoshauri mgonjwa asiende kwao mwaka mzima. Siafiki. Huko ndiko waliko watu wa kumshika mkono, na wengi watakwenda bila kuaga. Msiba hausubiri ruhusa ya kliniki. Afadhali aende Februari au Machi. Ikiwa hana budi kwenda msimuni, akae siku nne badala ya wiki mbili, alale nyumba isiyopika nipa, na kabla ya safari amweleze hali yake ndugu mmoja anayemwamini. Bora awe shangazi au bibi ambaye akisema "huyu hanywi", kikombe hupita. Yeye mwenyewe akijibu, "Natumia dawa, mjomba, daktari amenikataza," hajavunja adabu wala hajasema uongo.

Nawe unayesafiri, ukiwa umeteleza na kunywa siku kadhaa mfululizo, usikatize ghafla ukiwa peke yako. Mitetemo, jasho na hata degedege vyaweza kukujia ndani ya siku mbili za mwanzo, na degedege hiyo huua. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, useme bila kuficha ulichokunywa na dawa unazotumia. Kisha rudi kliniki tarehe ile ile uliyopangiwa, hata kama ulikunywa.