Skrini Nyeusi Si Tiba ya Macho

Kuna mwandishi anayetutaka tugeuze skrini zetu ziwe nyeusi zenye maandishi meupe, usiku na mchana, ili tuokoe macho na tulale vizuri. Ushauri huo siukubali, hasa hilo la mchana.

Jicho likipokea mwanga kidogo, mboni hupanuka. Mboni ikipanuka, kasoro za jicho hujitokeza zaidi na herufi hupoteza ukali. Wengi wenye astigmatizimu, kasoro ya umbo la jicho, huona maandishi meupe yakitapakaa kama ukungu kwenye weusi. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Düsseldorf, Ujerumani, walichapisha matokeo ya kuwapima vijana na wazee: wote walisoma vizuri zaidi maandishi meusi juu ya nyeupe. Sasa mwanafunzi anayesoma kitabu kizima kwenye simu adhuhuri tumwambie nini?

Kuhusu usingizi, mwandishi huyo yuko sahihi nusu. Mwanga wa usiku huzuia melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, na ndani ya chumba chenye giza skrini nyeusi humulika kidogo. Lakini ukifungua video, mwanga unarudi palepale. Kinachosaidia zaidi ni kupunguza mwanga wenyewe, na zaidi ya hapo kuiweka simu mbali.

Kuhusu macho kuwasha, chanzo kikubwa ni kwamba tukikodolea skrini tunapepesa macho mara chache, nayo hukauka. Rangi haiondoi hilo. Anayeumwa kichwa kila akisoma akapimwe macho. Huenda anahitaji miwani, na kumwambia abadilishe rangi ya simu ni kumchelewesha.