Kompyuta ya Kucheza au ya Kuringia?

Vijana wenzangu, tunadanganywa nasi tunadanganyika! Kijiweni nikisema natafuta kompyuta ya gemu, washikaji wanacheka: "Bila milioni tatu usijisumbue." Nani kasema? Mimi nacheza lisaa limoja usiku, kisha narudi kwenye riwaya yangu. Hizo taa za disko kwenye sanduku zitaniandikia sura ya pili?

Kwa pesa ya kibarua nimenunua mtumba wa ofisini: prosesa ya i5, ram ya gigabaiti 8, diski ya SSD. Nikapima sanduku, nikachomeka kadi ya picha ya GTX 1050 Ti, toleo la 2016. Inakula wati 75 tu. GTA V, iliyoingia kwenye kompyuta mwaka 2015, inakwenda bila kukwama. Stardew Valley ya 2016 inaridhika hata na ram ya gigabaiti 2. Na aliyeitengeneza, Eric Barone, alichora, akatunga muziki na kuandika hadithi peke yake. Mtu mmoja, jamani!

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Ndugu msomaji, kabla hujakopa jiulize: unanunua ucheze au uonekane? Mimi chenji yangu nimenunulia karatasi.