Uhakika wa Mbegu
Mkulima wa Bungoma anaponunua pakiti ya mbegu ya mahindi ya H614 mwezi Machi, anaweka mwaka mzima mikononi mwa mwenye duka. Mbegu hiyo hukaa shambani miezi sita hadi minane. Ikiwa ni mahindi ya kawaida yaliyopakwa rangi, atajua hasara wakati msimu wa kupanda umeshapita. Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanza Kitale mwaka 1956, ilijijengea imani kwa miongo mingi, na walaghai wanaiuza imani hiyo hiyo. Kwa hiyo, kwangua kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, kisha tuma nambari iliyofichwa kwa SMS kwenda 1393 kuthibitisha mbegu kabla hujatoa pesa. Muuzaji mwaminifu hataudhika. Wakaguzi nao waingie madukani Februari, wasingoje mkulima alalamike Julai.