Fundi, Acha Kazi Ilipie Programu

Tuseme wewe ni fundi wa nyumba pale Ekero. Una vijana wanne, una laptopu ya mitumba uliyonunua Mumias, na ndani yake kuna programu ya kuchora ramani ambayo umeizoea kama mwiko wako. Asubuhi moja unaifungua, inakuambia toleo lako limezeeka: lipa kwa dola upate jipya. Simu iko mkononi. Hela ya msingi wa nyumba ya mteja imeingia jana na bado iko kwenye laini. Si ubonyeze tu?

Ngoja kwanza. Sisi ni kampuni ya malipo, na ukilipa kuna kitu kidogo tunachopata. Ungetarajia tukuambie ulipe haraka. Lakini maoni yetu ni haya: usilipie toleo jipya mpaka kuwe na kazi iliyokubali kulilipia. Na hela ya msingi wa mtu si yako bado, hata kama iko kwenye laini yako.

Hatusemi programu nzuri ni anasa. Siku hizi anayejenga Ekero mara nyingi hayuko Ekero. Yuko Nairobi, yuko Mombasa, au yuko Qatar, na anatuma hela kidogo kidogo. Hawezi kusimama kwenye ploti. Anachoweza ni kufungua WhatsApp aone sebule iko wapi, dirisha linaangalia wapi, paa limekaaje. Picha hiyo inamtoa wasiwasi. Nawe pia inakulinda: mkishakubaliana kwenye ramani kwamba choo kiko ndani, hakuna wa kukuambia baadaye ubomoe ukuta kwa gharama yako.

Kwa hivyo picha inasaidia, hilo tumekubali. La kujiuliza ni kama ile uliyo nayo haitoshi.

Zamani ulinunua programu mara moja ikawa yako. Mambo yamebadilika. Autodesk, wenye AutoCAD, walianza kuacha kuuza leseni mpya za kudumu mwaka 2016. SketchUp ilifuata mwishoni mwa 2020. Sasa unalipa kwa mwezi au kwa mwaka, kama mpangaji: ukiacha kulipa, mlango unafungwa. Mwenye mshahara anaweza kupanga hivyo. Lakini fundi wa huku hela yake huja kwa misimu. Malipo ya kila mwaka hayajui mvua ya Aprili, wala hayamjui mteja aliyesimamisha kazi kwenye linta kwa sababu hela imekatika.

Halafu bei yenyewe ni ya dola. Chukua programu ya dola 120 kwa mwaka. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, kwa hivyo ungelipa 19,200. Miezi michache baadaye dola ilishuka hadi karibu 129, na programu ile ile ikawa 15,480. Ongeza ushuru wa VAT wa asilimia 16, unakaribia 18,000. Programu haijabadilika hata kidogo, ila mfuko wako umeyumba.

Sasa fanya hesabu ya fundi. Kama unajenga nyumba tatu kwa mwaka, hiyo ni karibu shilingi 6,000 kwa kila nyumba. Je, mteja wako yuko tayari kuongeza 6,000 kwa ajili ya ramani na picha? Muulize. Akisema ndiyo, iandike kwenye makadirio kama unavyoandika mchanga na kokoto. Akisema hapana, basi programu hiyo unailipia wewe kutoka kwa jasho lako, na ni heri ujue hivyo mapema.

Angalia pia kompyuta. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na programu mpya za kuchora hutaka mashine yenye nguvu. Unaweza kulipia toleo jipya leo, kesho ukagundua kumbe unahitaji laptopu mpya pia.

Kuna njia ya bure, lakini soma masharti. SketchUp Free, ile ya kutumia kwenye intaneti, imeruhusiwa kwa matumizi binafsi, si kazi ya kulipwa. Sweet Home 3D ni ya bure hata kwa biashara, na ukishaiweka kwenye kompyuta inafanya kazi bila bando. Haina mapambo yote, lakini kwa nyumba ya vyumba vitatu yenye paa la mabati, inachora ramani na kutoa picha ya kumtumia mteja. Ijaribu na kazi moja kabla hujalipia chochote.

Usidanganyike pia kwamba toleo jipya litakupandisha cheo. Ramani za kupeleka kaunti kuidhinishwa zinahitaji msanifu majengo aliyesajiliwa, na mkandarasi anapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Hakuna programu inayokupa mhuri. Kama una 18,000 na bado hujajisajili, tungekushauri uanze na usajili.

Na ikiwa hesabu imekubali? Lipa, lakini kwa akili. Chagua malipo ya mwezi mmoja kama kazi ni moja. Hata kama mwezi ni ghali ukilinganisha na mwaka, mwezi mmoja bado ni nafuu kuliko miezi kumi na moja usiyoitumia. Ukitumia kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na simu yako, weka humo kiasi cha malipo hayo tu. Zima kujilipa kwenyewe siku hiyo hiyo, la sivyo mwaka ujao hela itakatwa ukiwa juu ya paa. Hifadhi kila ramani kwa PDF, ili usipoendelea kulipa bado uweze kuifungua. Na usikope kwa simu ili ulipie programu ambayo bado haijaleta kazi.

La mwisho, kuna yule jamaa wa "nitumie 1,500 nikuwekee toleo kamili". Mwambie asante. Programu iliyovunjwa leseni inaweza kuingia na wezi ndani yake, na laptopu hiyo ndiyo unayofungulia barua pepe na akaunti zako. Usimtumie mtu hela kwa namba binafsi, na namba yako ya siri usimpe yeyote, hata akijiita sisi.

Kwa hivyo kabla hujabonyeza, chukua daftari uandike mambo matatu: nyumba ulizojenga mwaka huu, wateja walioomba picha, na kitu kimoja ambacho toleo la zamani lilishindwa kukufanyia. Kama mstari wa tatu hauna kitu, funga ule ujumbe wa dola uendelee na kazi. Hela ya mteja inunue saruji.