Unga Huu ni Chakula au ni Dawa?

Sisi tunaofundisha isimu huambiwa mara kwa mara kuwa kazi yetu ni kugombania maneno, na kwamba maneno hayamponyi mgonjwa. Naomba basi wasomaji wanifuate hadi Marekani, wakaone jinsi badiliko la jina moja lilivyowatwika wazazi mzigo ambao baadhi yao wangali wanaubeba baada ya miaka zaidi ya 50.

Kuna maradhi ya kurithi yaitwayo fenilketonuria, ambayo Daktari Asbjørn Følling wa Norway aliyatambua mwaka 1934. Mtoto huzaliwa akionekana mzima kabisa, lakini mwili wake hauwezi kuivunja fenilalanini, mojawapo ya asidi zinazounda protini. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi hukaririshwa kwamba protini hujenga mwili. Kwa mtoto huyu, maharagwe, samaki na mayai, hata maziwa ya mama yakizidi kipimo, hulimbikiza kitu kinachouharibu ubongo. Tone la damu litolewalo kisiginoni siku chache baada ya kuzaliwa hutosha kuyagundua. Tiba yake ni unga maalumu wenye asidi nyinginezo zinazohitajika, lakini usio na fenilalanini au wenye chembe yake tu. Anayeutumia tangu uchanga hukua na kusoma kama wenzake, ila hana budi kuutumia maisha yake yote.

Unga mmoja wa namna hiyo, Lofenalac, ulihesabiwa na serikali ya Marekani kuwa dawa hadi mwaka 1972. Mwaka huo ulihamishwa, ukaitwa chakula cha matumizi maalumu. Nia ilikuwa njema: kuviondolea viwanda mlolongo wa masharti ya dawa, ili bidhaa kama hizo zipatikane kwa bei ya wastani. Mwaka 1988 sheria ikaleta istilahi ya chakula cha tiba, yaani kile kitumiwacho chini ya uangalizi wa daktari. Kampuni nyingi za bima zilisoma nomino, zikaacha kivumishi. Chakula, zilisema, kila mtu hujinunulia.

Baya zaidi ni kwamba baadhi ya bima hukubali kuulipia unga ukipitishwa kwa mpira hadi tumboni, na hukataa unga ule ule ukinywewa kwa kikombe. Mtoto anaadhibiwa kwa sababu anaweza kumeza! Majimbo mengi yametunga sheria za kuwatetea wagonjwa, lakini mipango ya waajiri wanaojilipia gharama za matibabu ya wafanyakazi wao haifungwi na sheria hizo. Mwaka 2016 Bunge liliagiza bima ya wanajeshi na jamaa zao ilipie vyakula hivyo. Mswada wa kuzibana bima kwa mapana zaidi uliwasilishwa mwaka 2017, ukarudishwa mwaka 2019 na 2021, na mara zote tatu ukafa pamoja na muhula wa Bunge.

Watetezi wa bima huuliza: tukilipia unga huu, kesho si tutalipia na mboga za wenye kisukari? Swali hilo lina uzito, lakini mboga huliwa na kila mtu, ilhali unga huu, wenye ladha chungu na harufu kali, hakuna aunywaye kwa hamu. Tena mwanamke mwenye maradhi haya akiukosa wakati wa mimba, huumia hata mtoto asiyeyarithi. Waingereza wamekata shauri kwa busara: wana kamati ya vitu vya mpakani, vilivyo baina ya chakula na dawa, na kinachopitishwa nayo daktari hukiandikia cheti kama dawa yoyote.

Nasi Kenya tuna Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023, ambayo kwayo waajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Maradhi haya ni nadra, na yumkini wengi wetu hatutakutana nayo. Hata hivyo, orodha za malipo huandikwa kwa maneno, na wanafunzi wangu wa leo ndio watakaoziandika na kuzitafsiri kesho. Ningependa wavitambue vitu kwa agizo la daktari na kwa maradhi vinayoyatibu, viwe vinadungwa, vinamezwa au vinakorogwa kikombeni.